Alama ya Ukurasa wa Tatu

Siku hiyo Mwalimu Mkuu alikuja mwenyewe kuchukua nguo zake, na hilo peke yake lilitosha kumtia Dobi wasiwasi.

Miaka sita mfululizo alikuwa akimtuma mlinzi wa shule. Mlinzi anafika na mfuko, anahesabiwa mashati manne na suruali mbili, anaondoka. Ikitokea kola ina mkunjo, hata mdogo wa kutafutwa kwa miwani, shati linarudi siku hiyohiyo na ujumbe usiofaa kusemwa mbele ya watoto. Sasa mwenye mashati alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, saa nane mchana, bati juu likichoma na mkaa ndani ukichoma, naye Dobi yuko kwenye fulana yenye matundu, kitambaa kimefungwa shingoni ili jasho lisidondokee nguo za watu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Tunajikaza kisabuni, Mwalimu. Nguo zako zimeshaiva, hizo hapo."

Mwalimu Mkuu hakuzitazama. Aliangaza macho kutafuta pa kukaa, akaivuta ndoo iliyofunikwa kifudifudi, akaikalia. Dobi aliiona ile suruali aliyoinyoosha juzi kwa mikono yake ikijikunja magotini, akajua kwamba mtu huyu hakuja kwa jambo dogo.

"Nimekuja kwa ajili ya yule binti yako," Mwalimu Mkuu alisema.

Dobi aliirudisha pasi kwenye kigae chake. Binti alikuwa mmoja tu, mwenye miaka kumi na mitatu. Nyumbani walimwita Sisimizi, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na hakuna aliyewahi kumkuta amekaa bure. Shuleni walimwita Bubu. Ndani ya nyumba yao ya chumba kimoja na ukumbi Sisimizi alikuwa na maneno kama redio, lakini akishavuka kizingiti sauti inabaki ndani. Akiitwa darasani anasimama, anatazama chini, anakaa. Kisha anapewa karatasi na kuwaacha wenzake wote nyuma. Ilikuwa hivyo tangu darasa la kwanza, na walimu walishazoea.

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Amekuwa wa kwanza tena kwenye mtihani wa majaribio, hilo silikatai. Ila fomu za kuchagua shule zimefika, na najua mnafikiria Bweni."

Kila mtu alifikiria Bweni. Ilikuwa shule ya serikali, haina ada, iko juu mlimani na uzio wake wa mawe, ina maabara tatu na maktaba yenye ngazi za kupandia kufikia vitabu. Kila shule ya msingi ilipewa nafasi moja, ya mwanafunzi aliyefaulu kuliko wote kati ya walioichagua kwanza. Waliobaki walikwenda kutwa, kule mwisho wa barabara, watoto tisini kwa darasa, na mwalimu wa sayansi wanayegawana na shule nyingine mbili.

"Kule kuna usaili," Mwalimu Mkuu aliendelea. "Wa mdomo. Mtoto anasimamishwa mbele ya jopo, anajieleza. Huyu wako, mimi mwenyewe miaka sita sijaisikia sauti yake. Mwandikie Bweni chaguo la kwanza, akwame kwenye usaili, na kutwa nao hawamtaki, kwa sababu hakuna shule inayopenda kuwekwa ya pili. Atabaki hapa anakupulizia mkaa."

Dobi alikohoa. Kikohozi chake kilikuwa cha moshi, hakina msimu.

"Mwandikie kutwa," Mwalimu Mkuu alisema kwa upole. "Asome karibu na mama yake. Nakuambia kama mzazi mwenzako."

"Nitaongea na mwenzangu nyumbani."

"Ongea naye. Fomu zinafungwa Ijumaa. Fikiri, lakini usifikiri sana."

Akainuka, akajipangusa, akaenda zake. Nguo zake aliziacha palepale mezani, na Dobi hakumwita.

Jioni mkewe aliporudi kutoka zahanati, ambako alipiga deki wodi mbili na korido, alisikiliza habari yote akiwa bado amesimama na viatu miguuni.

"Amekaa kwenye ndoo?"

"Amekaa."

"Ndoo yetu ile ya kulowekea?"

"Ndiyo hiyo."

"Mtu anayekurudishia shati kwa mkunjo wa kola," mkewe alisema, "leo anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wewe unakaa unajipanguza."

Sisimizi alikuwa sakafuni akishona alama za uzi kwenye nguo za wateja. Kila mteja alikuwa na alama yake, na huyu mtoto alizijua zote kichwani bila daftari. Hakuinua uso.

"Kwani baada yako nani?" mama yake alimuuliza. "Wa pili ni nani?"

"Mtoto wa mwenyekiti."

"Mwenyekiti gani?"

"Wa kamati ya shule."

Dobi alikuwa kama mtu anayenusa kitu kinaungua asijue ni nguo ipi.

"Wewe mwenyewe unataka wapi, mama?" alimuuliza. Alimwita binti yake mama kwa kuwa alipewa jina la marehemu mama yake Dobi.

Sisimizi aliukata uzi kwa meno. "Bweni wana maabara," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Halafu wako mia sita. Hakuna anayenijua. Nitaanza kuongea siku ya kwanza, kabla hawajanipa jina."

Dobi alitoka nje akajifanya anaanua nguo. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakutaka mtoto ayaone.

Siku ya Alhamisi Mwalimu wa Hesabu alipita kibandani. Alikuwa mwanamke kijana, mgeni wa mwaka mmoja mahali pale, mwenye magauni mawili ya kazi ambayo Dobi aliyafua kwa zamu. Aliweka gauni mezani, akageuka kutazama barabara kwanza.

"Hakuna usaili," alisema. "Bweni hawajawahi kufanya usaili. Wanaangalia alama za mtihani, basi. Andika Bweni ya kwanza, tia saini, ondoka. Usitie saini kitu kingine."

"Mbona Mwalimu Mkuu—"

"Mimi hujaniona, kaka yangu. Aliyekuwepo kabla yangu alihamishwa mpaka kusikofika hata gari, kwa maneno madogo kuliko haya."

Hata bei ya gauni hakuuliza. Dobi alimwangalia akitembea pembeni kabisa mwa barabara, mkoba ameubana kwapani, na alipofika kwenye kona aligeuka nyuma tena.

Ijumaa Dobi alivaa shati la mteja, kama madobi wote duniani wanavyofanya siku ya jambo zito, akaenda shuleni. Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa na kabati la vikombe, feni iliyokufa na kiti cha wageni kifupi kuliko kiti cha mwenyeji. Fomu ya Sisimizi ilikuwa tayari mezani.

Dobi alipiga moyo konde. "Tumeamua Bweni, Mwalimu. Chaguo la kwanza."

Alitegemea kukaripiwa. Njia nzima alikuwa amejiandaa kwa hilo, hata majibu alishayapanga. Badala yake Mwalimu Mkuu alitabasamu, akaandika Bweni kwenye mstari wa kwanza kwa mwandiko mzuri wa kukoleza, akamgeuzia aone.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika, Mwalimu. Ahsante."

"Basi sasa tumsaidie mtoto." Akafungua ukurasa wa tatu. Ulikuwa na visanduku vidogo na juu yake maneno "mahitaji maalumu". "Watu wengi hawaujui ukurasa huu, wanauruka. Nikitia alama hapa, kule juu hawatamuuliza chochote kwa mdomo. Watampa karatasi aandike. Na kwenye karatasi nani wa kumgusa?"

Dobi aliukumbuka mkoba uliobanwa kwapani. Usitie saini kitu kingine. Akapiga hesabu yake harakaharaka: kama usaili haupo, alama hii haidhuru kitu, kama upo, inamwokoa mtoto. Pande zote mbili anapata. Alijiona mjanja, maskini wa Mungu, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo pumzi zilimshuka.

Mwalimu Mkuu alitia alama ya vema kwenye kisanduku. Mbele yake akaandika neno moja: hasemi.

"Anasema, Mwalimu," Dobi alisema. "Nyumbani anasema mpaka tunamwomba anyamaze."

"Nyumbani watakuja kumsaili?"

Wakacheka wote wawili. Dobi akatia saini chini, penye mstari wa mzazi, kwa herufi kubwa zilizolala upande mmoja. Juu ya mstari kulikuwa na maandishi madogo marefu. Hakuyasoma, na hata kama angetaka, kidole cha Mwalimu Mkuu kilikuwa kimelala juu yake.

Mkewe alipoambiwa alimwangalia muda mrefu. "Umeuziwa mbuzi kwenye gunia," alisema, lakini hakujua ni mbuzi gani, kwa hiyo hakuendelea.

Mtihani ulifanyika. Matokeo yalipotoka Sisimizi hakuwa wa kwanza shuleni tu, alizipita shule zote kumi na nne za eneo lile. Mwalimu Mkuu alimsimamisha mbele ya wenzake mstarini akaamuru apigiwe makofi, naye akasimama akitazama vidole vya miguu yake mpaka makofi yakaisha. Siku kumi baadaye orodha za shule zilibandikwa ukutani.

Kwenye karatasi ya Bweni lilikuwemo jina la mtoto wa mwenyekiti.

Karatasi ya kutwa ilikuwa ndefu na Dobi aliisoma yote, mara mbili, kwa kidole. Jina la Sisimizi halipo. Mzazi mmoja akamgusa bega akamwonyesha kijikaratasi cha pembeni chenye jina moja tu. Sisimizi alikuwa amepangiwa shule maalumu ya wasiosema, safari ya siku nzima. Dobi aliwahi kukaa hukohuko kwa kibarua cha kufua mashuka ya shule ile, kwa hiyo aliijua. Ilikuwa na walimu wawili na watoto arobaini wenye akili zao timamu, waliofundishwa kusuka mikeka asubuhi na kusuka mikeka mchana. Mtihani wa mwisho haukuwepo. Serikali ilikuwa imeshaamua kwamba watoto wale hawana cha kujibu.

Alikwenda ofisi ya elimu. Njoo kesho. Alikwenda kesho yake. Mwenye faili ametoka. Alikwenda wiki nzima, na wateja wakaanza kupeleka nguo kwa dobi mwingine. Mwishoni karani mmoja, kwa kuchoka kuiona sura yake, akamwandikia tarehe ya kusikilizwa rufaa na kumwambia: "Mlete huyo mtoto. Akisema jina lake tu, yameisha."

Akisema jina lake tu. Dobi alirudi nyumbani akiyarudia maneno hayo.

Siku zilizobaki Sisimizi alifanya mazoezi uani, mbele ya kamba ya nguo. Koti jeusi alilifanya Afisa, mashati mawili meupe yakawa wajumbe, na gauni la bibi harusi fulani likawa mgeni rasmi. Alisimama wima mbele yao akasema jina lake, shule yake na sababu yake. Siku ya kwanza sauti ilitoka kidogo. Siku ya nne jirani aliyekuwa akipita alisimama kusikiliza, na Sisimizi alimwona, akameza mate, akaendelea mpaka mwisho. Mama yake aliuma kanga ili asicheke wala asilie.

Chumba cha rufaa kilikuwa na meza moja ndefu. Afisa wa elimu alikaa katikati, mtu mnene mwenye sura ya uchovu, asiyeonyesha ubaya wowote. Karani alikuwa upande wake wa kulia na daftari la mihtasari. Upande wa kushoto, kiti kikiwa kimerudishwa nyuma kidogo, alikaa Mwalimu Mkuu. Alimwamkia Dobi kwa kichwa.

"Huyu ndiye mtoto?" Afisa aliuliza. "Sogea, binti. Jina lako nani?"

Sisimizi alikuwa ameshika upindo wa sketi yake kwa mikono miwili, kifua kikipanda na kushuka, na macho ameyaelekeza kwenye koti la Afisa.

Akasema.

Alitaja majina yake yote matatu. Akaitaja shule yake. Sauti ilikuwa nyembamba, ikakatika kidogo, ikarudi. "Nimechagua Bweni," alisema, "kwa sababu nataka kusoma sayansi, na wao wana maabara. Nilikuwa wa kwanza. Naomba nafasi yangu."

Dobi alifunga macho. Furaha ilimpanda ghafla. Angeweza kumbeba yule mtoto begani na kupita naye mitaa yote.

"Anasema vizuri sana," Afisa alisema, na kwa kweli alionekana kufurahi. Akaivuta fomu, akafungua ukurasa wa tatu. "Mzee, hii saini ni yako?"

"Ndiyo, mkuu."

"Hapa umethibitisha kwamba mtoto hasemi. Na haya maandishi hapa juu ya saini yako yanasema mzazi atakayetoa maelezo ya uongo kwenye fomu ya serikali atashitakiwa, na mtoto atafutwa kwenye orodha za shule zote. Uliyasoma?"

"Aliyeandika ni Mwalimu Mkuu, mkuu. Mimi nilimwambia anasema. Nilimwambia."

Afisa akageuza shingo.

"Mimi naandika ninachoelezwa na mzazi," Mwalimu Mkuu alisema kwa upole uleule. "Hatuwezi kumpinga mzazi kuhusu mtoto wake."

"Anadanganya huyu, mkuu. Alikuja mwenyewe kibandani kwangu, akakaa, akasema kuna usaili—"

"Mzee." Afisa aliinua kiganja. "Una shahidi?"

Dobi alifungua mdomo. Akilini alimwona Mwalimu wa Hesabu akitembea pembeni mwa barabara. Akaufunga.

"Basi nisikilize, maana nina watu wengine nje," Afisa alisema. Alizungumza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Tuna mambo mawili hapa. La kwanza, mtoto hasemi. Fomu yako haina kosa, amepangiwa panapomfaa, mnakwenda nyumbani. La pili, mtoto anasema. Basi wewe umeidanganya serikali, faili nalipeleka polisi leo hii, na yeye hana shule. Si Bweni, si kutwa, si kokote. Sheria haina la tatu. Mimi sina ugomvi na mtu. Nataka tu kujua niandike nini." Akamgeukia karani. "Yale aliyoyasema mwanzo umeyaandika?"

"Bado, mkuu."

"Vizuri. Tuanze upya, sasa ni rasmi. Binti, jina lako nani?"

Kwenye hesabu Sisimizi hakuwahi kuhitaji muda mrefu. Wenzake wakiwa bado wanaandika swali, yeye huwa ameshaweka kalamu chini. Alimtazama baba yake mara moja tu, kuanzia usoni mpaka kwenye mikono iliyoungua, kisha akatazama sakafu. Midomo yake ikafungana.

Sema, Dobi alitaka kumwambia. Sema, mama, wanifunge. Maneno aliyapata yote, yakampanda mpaka kooni. Nyuma yake yakaja kibanda kilichofungwa, mkewe na deki ya wodi mbili, mtoto asiye na shule hata moja duniani, na yeye nyuma ya nondo. Alikohoa. Akangoja kikohozi kiishe, na kilipoisha hakusema.

Ukutani hapakuwa na saa, lakini kila mtu chumbani alisubiri kana kwamba kuna muda uliopangwa.

"Andika," Afisa alisema. Karani akaandika. Afisa akamshukuru mtoto kwa kufika, akamwambia awe mtiifu huko aendako, kisha akalisukuma daftari mpaka ukingoni mwa meza. "Mzee, tia saini hapo, uthibitishe kwamba mtoto ameulizwa na hakujibu."

Kalamu ilikuwa juu ya daftari. Dobi hakuinyanyua. Mikono yake ilikuwa imening'inia tu, na karani akaanza kuita jina la anayefuata.

Sisimizi akaichukua kalamu, akaifungua kifuniko, akamwekea baba yake mkononi. Kisha akamshika kidole, akakisogeza mpaka kwenye mstari.